Jibu: Sarafu ya dhahabu aliyoacha babu

Dada, umeuliza kama hiyo faranga 20 ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, ya mwaka 1875, uipeleke kwa wanunuzi wa dhahabu hapa Bukavu. Ipeleke wakupimie tu, usiiache kwao hata kwa saa moja. Kama ni ya kweli, itakuwa na gramu 6.45 na upana wa milimita 21. Dhahabu yake ni ya asilimia 90, yaani gramu 5.8 safi, zidisha kwa bei ya gramu ya siku hiyo, ndiyo bei ya chini. Ubelgiji ilitoa nyingi za namna hii, kwa hiyo wakusanyaji hawataongeza sana. Na usiisugue, tafadhali, si kwa majivu wala dawa ya meno! Wakiona mikwaruzo wanakata bei. Je, ina tundu la mkufu?