Nakshi ya shaba kwenye mkoba wa ukindu

Dada unayeuliza kama fundi wa hapo Ujiji anaweza kukuwekea nakshi ya shaba kwenye mikoba yako ya ukindu, kwenye ukili wenyewe, yaani ule msuko wa ukindu, hapana aisee, ukili unajikunja kila saa, shaba itachomoka tu. Weka kwenye vishikio vya mbao. Wahindi wa Mainpuri wana kazi yao inaitwa tarkashi, fundi anachora ua kwenye mbao ngumu, anachimba kimfereji chembamba, anasimamisha utepe wa shaba kwa ubavu humo ndani na kuugonga kwa nyundo taratibuuu, halafu anapiga msasa mpaka ukipapasa husikii wapi mbao inaishia wapi shaba inaanza, na kimfereji kikibana vizuri mbao yenyewe inashika. Huku kwetu Tabora mninga upo, mi ningeanza na huo, mbao laini achana nazo. Ila kama mkoba ni wa kitambaa cha matundumatundu cheki kazi ya Asyut kule Misri, utepe wa madini unapitishwa kwa sindano bapa, unakunjwa na kukandamizwa kwa kucha, uzi hakuna. Na bei pandisha, kazi hiyo inakula muda balaa.