Usinunue kamera mpya! Washa kwanza hotspoti ya simu

Mkuu, usiende dukani kesho. Hiyo hela irudishe mfukoni.

Umesema umefunga ruta mpya ya Wi-Fi 6 (toleo jipya la Wi-Fi), simu na laptop zinakimbia, ila kamera tatu na printa zimegoma kushika. Fundi kakwambia "hizo za zamani, haziendani", nawe uko tayari kununua nyingine. Halafu ukauliza repita (kifaa cha kusogeza mbele mawimbi ya Wi-Fi) ipi inafaa nyumba ya ghorofa. Nimesoma hayo maneno ya fundi damu ikanichemka, maana mimi niliambiwa hivyo hivyo mwaka jana na nikaamini.

Ilikuwa nyumbani kwa mama, Mbagala. Kamera nne, miaka mitatu hazijawahi kusumbua. Nikaleta ruta mpya, nikamwita fundi. Akaunganisha 2.4 na 5 (masafa mawili ya Wi-Fi, GHz 2.4 na GHz 5) chini ya jina moja, akaweka ulinzi wa WPA3 kwa sababu "ndio wa kisasa", akachukua chake akaondoka. Jioni kamera zote nne zinakonyeza taa nyekundu. Nampigia, ananiambia, "Kaka, hizo ni za kizamani, hazisomi Wi-Fi 6." Kariakoo muuzaji akaafiki kabla sijamaliza kueleza, anayeuza kamera lini akakwambia kamera yako nzima? Nne kwa 95,000 kila moja, 380,000. Kuzifunga 40,000. Zile za zamani fundi akazibeba zote kwa 60,000, eti ananisaidia.

Mpya nazo zikakonyeza nyekundu.

Sasa wimbo ukabadilika: "Ruta haina nguvu, ongeza repita." Nikawa natafuta hela ya repita. Siku ya tisa mama anafungua bomba asubuhi, maji hayatoki. Kwenda uani, pampu haipo. Nati nne zimepangwa juu ya tofali, mwizi alifanya kazi yake bila haraka kabisa. Juu yake, kamera mpya ya 95,000 inakonyeza. Haikurekodi chochote.

Aliyetuokoa ni kijana wa jirani anayesoma chuo cha ufundi. Ngazi hakuigusa. Alitoa simu yake, akawasha hotspoti, akaiweka kwenye 2.4, akaiunganisha kamera na hotspoti hiyo kwa kutumia simu ya mama. Haikufika dakika mbili, taa ikawa bluu. Akasema, "Kamera nzima hii, mama. Ruta ndiyo inaikataa." Akaingia kwenye mipangilio ya ruta, akatenganisha mitandao, akarudisha WPA2, na zote nne zikashika kabla chai haijapoa. Na zile za zamani? Moja naiona kila nikienda kwa mama, imefungwa kwenye duka la mtaa wa pili. Naijua kwa doa la rangi ya bluu lililodondokea ubavuni tulipopaka ukuta. Mwenye duka ana ruta ya Wi-Fi 6. Inafanya kazi.

Kwa hiyo mkuu, kanuni yangu ni moja na nitairudia mpaka unichoke: kifaa kisihukumiwe kabla hakijajaribiwa kwa hotspoti ya simu.

Kwako ni rahisi zaidi, kwa sababu kamera zako bado zinakumbuka mtandao wa zamani. Zima ruta mpya. Washa hotspoti, ipe jina lile lile na nywila ile ile ya ruta ya zamani, herufi kubwa kwa ndogo, nafasi kwa nafasi. Kwenye Android chagua 2.4 na WPA2. Kwenye iPhone 12 na za baadaye washa Maximize Compatibility. Simama karibu na kamera, uangalie taa. Ikishika, kamera ni nzima na hakuna cha kununua.

Wi-Fi 6 haikuja kuua vifaa vya nyuma, imetengenezwa ivikubali. Kinacholeta ugomvi ni mipangilio. Kamera nyingi za bei ya kawaida na printa zinasikia 2.4 tu, na nyingi zinajua WPA2, ulinzi uliotoka 2004. WPA3 imetoka 2018. Ukiiweka ruta WPA3 peke yake, kamera ya namna hiyo inabisha hodi na haifunguliwi. Hata ule mchanganyiko wa WPA2 na WPA3 baadhi ya vifaa vya zamani vinajikwaa, ndiyo maana nakwambia anza na WPA2 tupu kwenye 2.4. Simu na laptop ziachie WPA3 kule kwenye 5.

Basi ingia kwenye ruta (anwani iko kwenye stika chini yake, mara nyingi 192.168.0.1 au 192.168.1.1), zima Smart Connect (ndiyo inayounganisha 2.4 na 5 chini ya jina moja), ipe 2.4 jina na nywila ya ruta ya zamani, weka WPA2 yenye AES (aina ya usimbaji). Chaneli, yaani njia ndogo ndani ya 2.4, isiwe ya kujichagulia. Weka 1, 6 au 11, kwa sababu kuna vifaa vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani ambavyo chaneli 12 na 13 havizioni kabisa. Vifaa vitarudi vyenyewe, hutapanda ngazi. Printa ikishika lakini haichapi, angalia anwani yake ya mtandao (IP): kama iliwekewa ya kudumu inayoanza na 192.168.1 na ruta mpya inagawa 192.168.0, hazitaonana.

Na nakuomba sana, usiguse kitufe cha reset kwenye kisanduku cha faiba. Hicho kina mipangilio ya kampuni ya intaneti, ukiifuta unaweza kukaa bila mtandao mpaka waje wao.

Fundi wako akija kuzichukua kamera "akusaidie", mwambie ziko kazini. Jaribu hotspoti usiku huu huu, halafu uje uniambie taa imekuwa rangi gani. Niko macho.