Kompyuta haionekani, lakini ipo: faili zinapokwama kati ya subneti mbili

"Fundi, ile kompyuta ya hati imekufa tena," dada wa ghorofani aliniambia hata sijaketi. Ilikuwa ofisi ya wakala wa forodha hapa Dar es Salaam, vyumba viwili chini na viwili juu. Chini ndiko ilikokaa kompyuta inayotunza hati zote za mizigo zilizoskaniwa. Tangu walipoongeza vyumba vya juu, watu wa juu hawakuiona tena. Wakifungua dirisha la Network wanakuta kompyuta tatu za wenzao wa ghorofani, basi. Wiki ya tatu hiyo walikuwa wanapanda na kushuka ngazi na flashi mkononi, na fundi aliyenitangulia alikuwa ameshaipiga Windows upya mara mbili.

Nilikuwa nimepitia chini kwanza nikaandika anwani ya ile kompyuta kwenye kikaratasi. Nikakaa kwenye kiti cha dada, nikabonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, nikaandika `\\192.168.1.10` na kugonga Enter. Folda zote zikafunguka. Akazitazama, akaniuliza, "Kumbe ilikuwepo siku zote?"

Ilikuwepo. Kutoonekana kwenye Network ni jambo moja, kutofikika ni jambo jingine kabisa, na nimeona watu wakiharibu kompyuta nzima kwa kuyachanganya haya mawili.

Chukua nyumba ya kupanga. Mtu anasimama uani anaita, "Nani ana kiberiti?" Wapangaji wote wanasikia, mwenye nacho anaitika. Nyumba ya pili, nyuma ya ukuta, hawana habari. Windows hujaza lile dirisha kwa namna hiyohiyo: inaita kwa poti (namba ya mlango wa mawasiliano) ya UDP 3702, na wanaoitika ndio wanaoorodheshwa. Zamani za NetBIOS, mfumo wa awali wa kutajana majina, zilikuwa poti za 137 na 138, lakini mwito ulikuwa wa uani vilevile. Ruta ndiyo ule ukuta, na kwa kawaida haivushi miito ya aina hiyo kwenda subneti ya pili, yaani kundi jingine la anwani lililo upande wa pili wa ruta. Kufungua faili hakupiti njia hiyo. Hapo kompyuta inaifuata anwani moja inayojulikana, kwa poti ya TCP 445, na ruta inapitisha kama inavyopitisha mawasiliano mengine yoyote.

Kwa hiyo mimi siku hizi dirisha la Network silifungui kabisa ninapoitwa. Naanza na amri ya `ipconfig` pande zote mbili, niandike anwani, barakoa ya subneti (inayoonyesha subneti inaishia wapi) na anwani ya geti (ruta ambayo mawasiliano hupitia kwenda subneti nyingine). Kisha, kutoka upande unaolalamika, nafungua PowerShell, dirisha la kuandikia amri:

`Test-NetConnection 192.168.1.10 -Port 445`

Jibu ninalolitafuta liko mstari wa mwisho, `TcpTestSucceeded`. Likiwa True, mtandao umemaliza kazi yake, na kilichobaki ni jina au ruhusa. Likiwa False, hapo ndipo penye kuchimba. Pingi, yaani kuibisha kompyuta uone kama inajibu, peke yake isikuamulie, maana kompyuta nyingi zenye afya njema huikataa.

Sikiliza pia kosa lenyewe linavyosema. Ukiona 0x80070035, au amri ya kuunganisha folda, `net use`, ikakujibu kosa namba 53, ujue njia ya kufika haijapatikana. Ukiulizwa jina na nenosiri, furahi: umeshafika mlangoni. Kosa namba 5 ni kunyimwa ruhusa, na 1326 ni jina au nenosiri lisilo sahihi. Haya mawili hayana uhusiano wowote na subneti, usiguse ruta kwa ajili yake.

Sasa kuna kikwazo kimoja ambacho kimenila muda kuliko vyote, na ningependa kikuepuke wewe. Nilikuwa kwenye shule ya sekondari yenye maabara ya kompyuta kwenye 192.168.20.x na ofisi za walimu kwenye 192.168.10.x. Walizitenganisha kwa makusudi na kwa sababu nzuri, wanafunzi wasizurure kwenye kompyuta zenye mitihani. Mwalimu mmoja alitaka kufikia folda ya masomo iliyoko kwenye kompyuta ya maabara. Ndani ya maabara folda inafunguka vizuri. Kutoka ofisini, kimya; hata pingi haijibu. Nikapekua ruta tangu asubuhi hadi walimu wanakwenda kula. Njia zilikuwa sawa. Nikabadilisha waya. Nikabadilisha poti ya swichi. Wapi.

Tatizo lilikuwa faiwoli ya Windows, ule ulinzi unaochuja mawasiliano yanayoingia, kwenye ile kompyuta ya maabara. Kanuni inayoruhusu kushirikisha faili, ile ya File and Printer Sharing (SMB-In), ilikuwa imewashwa, ina alama ya kijani, unaitazama unaridhika. Lakini ukiifungua ukaenda kwenye kichupo cha Scope, unakuta imeandikwa Local subnet. Maana yake inakubali wageni wa uani tu. Anayetoka subneti nyingine hurudishwa kimyakimya. Windows huja hivyo kwa mtandao uliowekwa kuwa Private au Public, na kanuni ya pingi nayo iko hivyohivyo. Ndiyo maana majirani wanaingia na wa mbali hawapati hata mwitikio. Nikaongeza 192.168.10.0/24 kwenye orodha ya anwani zinazoruhusiwa, na mwalimu akafungua folda yake kabla sijafunga dirisha.

Nakuomba usizime faiwoli nzima. Najua mteja amekusimamia na kuzima ni kubonyeza mara moja. Izime dakika moja kupima kama ndiyo chanzo, kisha iwashe palepale na uongeze subneti unayoihitaji peke yake. Kwenye seva ya Linux yenye Samba (programu ya kushirikisha faili na Windows), tazama na `hosts allow` ndani ya faili lake la mipangilio, smb.conf, mara nyingi aliyeiweka aliandika subneti moja akasahau.

Kitu kingine kinachofanana sana na hicho ni geti kuachwa wazi. Mtu anapanga anwani ya kudumu kwenye printa au kwenye kasha la kuhifadhi faili, anajaza anwani na barakoa, sehemu ya geti anaipita. Chombo hicho kitajibu vizuri kwa walio kwenye subneti yake, lakini ombi likitoka subneti nyingine hakijui jibu lipitie wapi. Ombi linafika, jibu halirudi. Kujaza geti ni sekunde kumi.

Kuhusu majina: watu hawapendi kukariri namba, na wana haki. Ofisi ikiwa na seva ya DNS, inayogeuza majina kuwa anwani, andika jina humo. Kama haina na kompyuta ni chache, faili la `hosts` lililoko `C:\Windows\System32\drivers\etc` linatosha. Lifungue kama msimamizi, ongeza mstari mmoja wenye anwani na jina. Tumia jina lilelile ambalo kompyuta inalo, usibuni jingine, ukwepe usumbufu wa seva kukataa jina isilolitambua. Na kabla ya hayo, ingia kwenye ruta uifungie ile kompyuta anwani yake, isije ikapewa nyingine umeme ukikatika na kurudi. Mwisho mpe mtumiaji herufi ya diski, mfano `net use H: \\HATI\mizigo /persistent:yes`. Akishaiona H: hatakumbuka kama kuna dirisha linaitwa Network.

Utakutana pia na ushauri wa kuwasha SMB1, toleo la zamani la SMB, ile njia ya Windows ya kushirikisha faili, ili kompyuta zirudi kuonekana. Tafadhali usiufuate. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilisambaa duniani kupitia udhaifu wa SMB1, na mwaka huohuo Microsoft ikaacha kuiweka kwenye Windows 10 mpya kuanzia toleo la 1709. Isitoshe, haikutatulii hili. Orodha ya zamani ya kompyuta nayo ilitegemea miito ya uani, na kuivusha kwenda subneti ya pili kulihitaji seva ya WINS, iliyotunza majina ya kompyuta na anwani zake. Utakuwa umefungua mlango wa hatari na kompyuta bado huioni.

Tukirudi kwa wale wa forodha: kilichobaki kujiuliza ni kwa nini walikuwa na subneti mbili. Hakuna aliyezitaka. Walipohitaji Wi-Fi ya juu, walinunua ruta ya pili wakachomeka waya unaotoka chini kwenye tundu lake la WAN, lile la kuunganisha na mtandao wa nje. Ruta ikafanya ilichoundiwa kufanya: ikajenga mtandao wake wa 192.168.0.x na kuuficha nyuma yake. Ndiyo maana wa juu waliweza kufika chini kwa namba, ila wa chini hawakuweza kabisa kuifikia skana ya juu, hata kwa namba. Ungewaandikia majina mpaka jioni, nusu ya tatizo ingebaki palepale.

Niliingia kwenye ruta ya juu, nikazima DHCP (kazi ya kugawa anwani kwa kompyuta), nikaipa anwani ya 192.168.1.2 baada ya kuhakikisha hakuna chombo kingine kinachoitumia, kisha nikahamisha waya kutoka tundu la WAN kwenda tundu la kawaida la LAN, la mtandao wa ndani. Tukazima na kuwasha kompyuta za juu, zikachukua anwani za 192.168.1.x kutoka ruta ya chini. Dada akafungua Network mwenyewe, kompyuta ya hati ikajitokeza pamoja na zote za chini. Lile tundu la WAN nililiziba kwa utepe mweupe na kuandika kwa kalamu: USICHOMEKE HAPA.