Nashiriki, nashirikisha au natuma chemshabongo?

SWALI: Katika kundi la WhatsApp la ukoo wetu, mimi ndiye ninayetuma chemshabongo kila Ijumaa jioni, pamoja na zile picha za kuchekesha zenye maneno ambazo vijana huziita meme. Wiki iliyopita niliandika: "Leo nashiriki nanyi chemshabongo moja na meme mbili." Shangazi yangu, ambaye ni mwalimu mstaafu, akajibu: "Umeshiriki, ukapata alama ngapi?" Watu walicheka, nami sikuelewa kosa langu. Je, ningesema "nashirikisha", "nasambaza" au "nashea"? Na je, chemshabongo na meme ni maneno yanayokubalika katika maandishi rasmi?

JIBU: Shangazi yako alikuelewa vizuri kabisa, na ndiyo maana aliuliza alama. Kitenzi shiriki humweka mtendaji ndani ya shughuli: mtu hushiriki mkutano, hushiriki mashindano, hushiriki mazishi, na Wakristo hushiriki Meza ya Bwana. Kwa hiyo anayeshiriki chemshabongo ni yule anayeketi na kuyajibu maswali yake. Wewe uliyeituma huenda hukujibu hata swali moja, lakini sentensi yako inadai kwamba ulikuwa miongoni mwa washindani.

Mkanganyiko huu umeenezwa zaidi na vitufe vya mitandao ya kijamii, ambako neno "Shiriki" limewekwa mahali pa kupeleka kitu kwa watu wengine. Chini ya picha ya kawaida kosa hilo halina madhara makubwa, kwa kuwa msomaji hukisia maana kutokana na mahali kitufe kilipo. Chini ya chemshabongo, hata hivyo, utata unakuwa wa kweli, maana "Shiriki chemshabongo hii" ni sentensi sahihi ya Kiswahili yenye maana ya "karibu ujibu", na mtu aliyekuja kujibu hana njia ya kujua kwamba kitufe kile kinamtaka aipeleke kwa wenzake. Sioni sababu ya neno zuri hivi kubebeshwa maana mbili zinazopingana, moja ya kuingia katika mchezo na nyingine ya kuurusha kwa wengine, ilhali lugha ina vitenzi vya kutosha.

Tukija kwenye shirikisha, kiambishi -ish- humfanya mtu fulani ashiriki, na mtu huyo ndiye shamirisho la kitenzi. Wananchi hulalamika kwamba hawakushirikishwa katika uamuzi; msanii wa Bongo Fleva humshirikisha msanii mwenzake katika wimbo, na sote tunaelewa kwamba sauti ya huyo wa pili itasikika. Kwa mantiki hiyo hiyo, "Nimewashirikisha chemshabongo hii" ni sentensi inayokubalika, kwa sababu kiambishi -wa- kinawataja watu wanaotiwa katika shughuli. "Shirikisha picha hii", kwa upande mwingine, inaifanya picha yenyewe kuwa mshiriki, kana kwamba itapewa kiti na kuulizwa maoni yake. Ukitaka kujipima, igeuze sentensi iwe ya kutendwa: "ndugu wameshirikishwa" inapita bila tabu, lakini "picha imeshirikishwa" inamfanya msikilizaji aulize imeshirikishwa katika nini.

Kwa kazi unayoifanya kila Ijumaa, kitenzi kinachofaa zaidi ni kile cha kawaida ulichokitumia mwenyewe katika barua yako bila kujua: kutuma. Watu unaowatumia unawajua, kundi lina mipaka, na "nawatumia" inalibeba jambo lote. Kusambaza kunafaa pale kitu kinapokwenda kwa watu wengi usiowajua au kinapopita mkono hadi mkono pasipo mwisho, ndiyo maana tunasambaza habari, vipeperushi na, kwa bahati mbaya, uvumi. Kenya neno hili limepata pia maana mahususi ya kumhamishia mtu salio la simu, kwa hiyo jamaa zako wa Mombasa wakisikia "nitawasambazia" wanaweza kutarajia kitu chenye thamani zaidi ya meme. Kushea ni neno la mazungumzo, na sina ugomvi nalo barazani au katika kundi la ukoo. Katika gazeti, ripoti au kitabu cha shule ningeliondoa.

Chemshabongo halina shaka yoyote. Limeundwa kwa kitenzi na nomino bila kiambishi mwanzoni, kama zimamoto na pimamaji, na kwa sababu hiyo ninapendekeza liandikwe neno moja. Hufuata upatanisho wa ngeli ya I-ZI: chemshabongo hii imenishinda, chemshabongo hizi zimenishinda. (Vijana wa Dar es Salaam, ambao kwao kuchemsha ni kushindwa vibaya, wana haki ya kucheka wanaposikia kwamba fulani amechemsha katika chemshabongo.) Ninachokuomba ni usilitumie jina hili kwa kila orodha ya maswali. Yale maswali yanayozagaa mtandaoni ya kukuambia wewe ni mnyama gani au utaolewa mwaka gani hayana jibu sahihi wala jibu lisilo sahihi, na bongo halichemki hata kidogo. Hayo yako karibu zaidi na ramli, na ukiyaita "maswali ya kujifurahisha" utakuwa umesema kweli.

Kuhusu meme, asili ya neno ni ya kitaaluma. Mwanabiolojia Mwingereza Richard Dawkins alilibuni mwaka 1976 kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kitu kilichoigwa, akikusudia wazo, wimbo au mtindo unaohama kutoka kichwa kimoja hadi kingine kwa kuigwa. Matumizi ya picha za mtandaoni yalikuja baadaye. Tungelikopa kwa kufuata matamshi ya Kiingereza tungepata kitu kinachokaribia sana "mimi", na sentensi kama "nimetuma mimi" ingetuletea matatizo mapya. Ni heri kulikopa kwa herufi zake na kulisoma kwa silabi za Kiswahili, me-me, kama tulivyofanya kwa video. Nalo liingie ngeli ya I-ZI: meme hii, meme hizi. Wako wanaopendelea kibonzo, neno lililozoeleka Tanzania kwa maana ya katuni, lakini kibonzo huchorwa na mchoraji mwenye jina lake, ilhali meme nyingi ni picha ya mtu mwingine iliyovalishwa maneno mapya na kila anayeipokea. Kwa tabia hiyo ya kubadilishwa njiani, naona kibonzo hakitoshi, na ningeliacha meme libaki.

Ujumbe wako, basi, ungeweza kusomeka hivi: "Leo nawatumia chemshabongo moja na meme mbili. Karibuni mshiriki." Shangazi akiisha kujibu maswali yote, hapo unaweza kumrudishia swali lake la alama.