Lori la korosho na bajaji: kani ni ileile
Unasema bajaji ikigongana na lori, bajaji ndiyo inayopigwa na kani (nguvu ya kusukuma) kubwa zaidi. Hapana mkuu, bajaji haipigwi na kani kubwa kuliko lori. Zikivaana uso kwa uso, kila moja inaisukuma nyenzake kwa kani sawa, mwelekeo kinyume. Hiyo ni kanuni ya tatu ya Newton. Kinachotofautiana ni masi, yaani kiasi cha maada kinachopimwa kwa kilo.

Chukua lori la korosho linalopita Mikindani kwenda bandarini Mtwara: tani 30, mwendo 54 km/h, yaani 15 m/s. Bajaji na abiria wake kilo 600, inakuja kwa 10 m/s. Momenta ni masi mara kasi, na mwelekeo unahesabika: 450,000 toa 6,000. Wengi hukosea hapo, wanajumlisha. Inabaki 444,000 kg·m/s. Zikinasana, gawanya kwa kilo 30,600: zote zinaenda karibu 14.5 m/s, upande wa lori.

Sasa angalia. Lori limepoteza 0.5 m/s tu, dereva anahisi kama amekanyaga breki kidogo. Bajaji imetoka 10 m/s mbele hadi 14.5 m/s kinyumenyume, badiliko la 24.5 m/s. Mgongano ukidumu sekunde 0.1, mchapuko wake (badiliko la kasi kwa kila sekunde) ni 245 m/s², mara 25 ya mvutano wa dunia. Wa lori ni 4.9 tu. Zidisha kila mchapuko kwa masi yake: pande zote mbili unapata kani ya nyutoni (kipimo cha kani) 147,000 hivi.

Na bajaji haina boneti ndefu ya kukunjika ili kurefusha hiyo sekunde 0.1. Magoti ya dereva ndiyo yanayotangulia.