Dawa inawaua, mbona ugonjwa umerudi?

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi kutoka Ahero. Dada yangu alitibiwa maambukizi ya njia ya mkojo baada ya maabara kuona kwamba bakteria wake, E. coli, wanauawa na dawa aliyoandikiwa. Alimaliza dozi. Wiki tatu hazijaisha, maumivu yamerudi, na kipimo kipya kinasema dawa ile ile bado inawaua. Je, maabara ilikosea? Jeni zinahusika vipi?

Jibu: Sidhani ilikosea. Kazi yangu hapa Kisumu ni kuotesha vijidudu. Tunapaka bakteria kwenye sahani, tunaweka kikaratasi chenye dawa, na kesho yake tukikuta duara tupu pana kukizunguka tunaandika: dawa inafaa. Ila duara lile halimaanishi wote wamekufa. Ondoa kikaratasi, weka kingine chenye glukosi, yaani sukari ya kuwalisha, urudishe sahani kwenye joto. Wakati mwingine vidoa vya bakteria huchipuka palepale palipokuwa patupu. Hawakuwa sugu, yaani hawakuwa na uwezo wa kuishinda dawa; walikuwa wamelala.

Penisilini, kwa mfano, humuua bakteria anayejenga ukuta wake. Aliyelala hajengi, kwa hiyo haimpati. Joseph Bigger, mtaalamu wa bakteria kutoka Ireland, aliyaeleza haya mwaka 1944: bakteria aina ya stafilokokasi wachache mno, kama mmoja kwa milioni, walibaki hai, lakini uzao wao ulikufa kwa penisilini kama kawaida. Usugu ungerithiwa.

Upande wa jeni, anza na hipA ya E. coli, iliyotambuliwa na Harris Moyed na mwenzake mwaka 1983. Hutengeneza protini yenye sumu, na jirani yake hipB hutengeneza ile inayoifunga. Sumu ikizidi, huzima kimeng'enya kinachopachika asidi amino ya glutamati kwenye kibebaji kinachoipeleka kwenye ujenzi wa protini. Ujenzi unasimama, seli inajilaza. Badiliko la jeni hiyo liitwalo hipA7 huweza kufikisha waliolala hadi karibu mmoja kwa mia, na limepatikana kwa wagonjwa wa njia ya mkojo. Ipo pia relA, inayopiga king'ora cha njaa. Kinachonishangaza hadi leo ni kwamba seli mbili zenye jeni zile zile, moja hulala na nyingine hukesha.

Kwa dada yako siwezi kuapa kwamba ndicho kilichotokea, maana bakteria wapya kutoka utumbo huingia mara nyingi. Atoe mkojo wa kupimwa maabara kabla ya kumeza kidonge kingine chochote, na mwombe daktari aangalie kama kuna mawe kwenye figo.