Wasomaji Wauliza: Mabinti wa Bahari wa Sibelius

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesikiliza mara kadhaa utungo wa okestra wa Jean Sibelius, mtunzi wa Ufini, uitwao Aallottaret, yaani mabinti wa bahari. Nimeambiwa unatokana na bahari na masimulizi ya Wayunani, lakini hadithi yenyewe siioni. Nisikilize nini?

JIBU: Huioni kwa sababu haimo. Kwa Wayunani, Okeano, mungu wa maji, na mkewe Tethi walizaa mabinti 3,000, na hao ndio wanaotajwa katika jina la utungo huu. Idadi hiyo imo kwa mshairi Hesiodo. Usiwachanganye na Nereidi, mabinti 50 wa Nereo, mungu mwingine wa bahari, wala na Sireni, wale waimbaji waliowapoteza mabaharia. Sibelius hakusimulia kisa cha binti hata mmoja. Alishika mambo mawili tu, wepesi wao na ukubwa wa maji wanamoishi, kisha akayaacha yavutane kwa dakika kumi hivi.

Mwanzoni timpani, zile ngoma kubwa za okestra, zinanguruma kwa mbali na fidla zinacheza zikiwa na sordini, vile vibanio vya kupunguza sauti. Filimbi mbili zinaingia juu yake zikirukaruka. Hao ndio mabinti. Baadaye obo na klarineti, ala nyingine za kupuliza, zinaleta wazo la pili, pana zaidi, huku vinubi vikipandisha na kushusha nyuzi zake zote kwa mtelezo mmoja. Kuanzia hapo peleka sikio chini, kwenye chelo na dabo-besi, ala za nyuzi zenye sauti nene, maana wimbi linajengwa kutoka huko. Wengi hukwama kwa kuwa wanangoja wimbo wa kushika kichwani. Hapa vipande vifupi vinarudi vikiwa vimebadilika kidogo kila mara, na kinachokua ni uzito. Wimbi kubwa linakuja sehemu ya mwisho, ala zote za shaba, kama tarumbeta na tromboni, zikiwa juu, kisha linaporomoka upesi kuliko lilivyopanda.

Jambo moja la vifaa. Ukiongeza sauti mwanzoni ili uzisikie timpani vizuri, kilele kitakuumiza masikio nawe utaipunguza pale pale isipotakiwa kupunguzwa. Weka sauti kiasi cha timpani kusikika kwa shida kidogo, kisha usiiguse tena. Spika ya simu haifai kabisa. Sauti za chini haizitoi, na bila hizo hakuna bahari.

SWALI: Nina rekodi mbili za utungo huohuo. Moja ina dakika saba na kitu, nyingine kumi, na hazifanani hata mahali zinapoanzia. Je, moja imekatwa?

JIBU: Haijakatwa. Carl Stoeckel, aliyekuwa akiendesha tamasha la muziki huko Norfolk, Connecticut, Marekani, ndiye aliyeagiza kazi hii. Sibelius alianza na mfululizo wa sehemu tatu katika ngazi ya E-flati meja. Ya kwanza imepotea, mbili zipo. Kisha akaandika sehemu moja katika D-flati meja na kuituma Marekani. Hiyo ndiyo fupi yako, na huitwa toleo la Yale kwa sababu nakala yake ipo katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Hakuridhika. Akaifumua na kuiandika upya katika D meja, na tarehe 4 Juni 1914 akaiongoza mwenyewe Norfolk ikiwa katika sura tunayoijua.

Kuhama kutoka D-flati kwenda D si jambo dogo. Fidla, viola, chelo na dabo-besi zote zina nyuzi za G, D na A, na nota hizo tatu zimo katika ngazi ya D meja. Nyuzi zisizobanwa kwa kidole zinaitikia zenyewe na okestra nzima inang'aa. Katika D-flati hakuna hata moja kati ya hizo tatu, kwa hiyo mlio unakuwa wa kivuli zaidi. Sikiliza toleo la mwisho kwanza. Toleo la Yale lina ladha yake, lakini kilele cha lile la mwisho halina.

SWALI: Okestra yetu ya vijana inataka kuupiga. Tunahitaji nini, na ugumu uko wapi?

JIBU: Filimbi 2 na pikolo, obo 2 na kor angle, klarineti 2 na klarineti besi, basuni 2 na kontrabasuni, honi 4, tarumbeta 3, tromboni 3, timpani, trayangu, glokenspili, vinubi 2 na nyuzi. Tuba haimo. Msijaribu kubaki na kinubi kimoja, kwani wazo la pili litapoteza maji yake.

Ugumu mkubwa ni kupanda. Okestra changa hufika juu mapema, halafu kilele kikifika hakuna pa kwenda. Kiongozi aanze mazoezi kwenye kilele, apime nguvu yote waliyo nayo, kisha arudi nyuma hatua kwa hatua na kukubaliana na kila kundi litakuwa na kiasi gani pale. Shaba ndizo za kushikwa zaidi. Hatari ya pili ni kuharakisha kadiri sauti inavyokua. Sibelius ameandika Sostenuto assai, yaani kwa kushikilia sana. Mkikimbia, nota ndogo za fidla zinageuka ukungu na wimbi linakuwa kelele tu.

Filimbi mbili za mwanzo zifanye mazoezi peke yake, polepole, zikilinganisha nota moja baada ya nyingine, maana katika sauti ndogo filimbi hushuka na hakuna chombo kingine cha kuzificha. Vinubi navyo vikae mbali na klarineti kidogo. Vikiwa karibu mno, mtelezo unaufunika wimbo wake. Na kila mpiga fidla aandike kwenye karatasi yake, kwa penseli nene, mahali pa kuondoa sordini. Wachache wakisahau, nyuzi zinabaki nyuma wakati shaba zinapanda, na kiongozi atadhani tatizo ni tarumbeta.